Hawakuvuka mpaka, lakini hawana kwao

*Mvua zikibomoa nyumba Kasulu na Kibondo, familia huhamia kwa ndugu na kutoweka kwenye hesabu za serikali. Mkoa wenye uzoefu mkubwa wa kupokea wakimbizi kutoka nje bado hauna utaratibu wa kumfuatilia mwananchi aliyepoteza makazi ndani ya nchi yake.*

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

NYUMBA ya tofali mbichi huanza kuanguka kutokea chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo katika vilima vya Kasulu na Kibondo, maji yanayoteremka hutafuta njia nyuma ya nyumba. Kama hakuna msingi wa mawe, safu ya kwanza ya tofali hunyonya maji, hulainika, kisha hubonyea. Ufa hujitokeza pembeni mwa dirisha na kupanda taratibu kuelekea kwenye kenchi.

Wenye uzoefu wakiuona ufa huo hawalali ndani. Hutoa watoto kwanza, kisha magodoro, kisha gunia la maharage na mbegu za msimu. Baba hupanda juu ya paa kung'oa mabati kabla ukuta haujalala.

Mabati ndiyo mali. Udongo unachimbwa hapohapo kiwanjani na miti ya kenchi haikosekani, lakini bati hununuliwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo huenda ilikusanywa kwa mavuno ya misimu mitatu. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa, familia iliyohama hutambulika kwa mabati yenye matundu ya misumari, yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya mtu mwingine. Wenyewe wamo humo ndani, wamehifadhiwa na kaka, shemeji au mama mkwe.

Kinachofuata kinajulikana na kila aliyewahi kukaa kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji hufika, hutazama na kuhesabu. Mtendaji wa kijiji huandika barua kwenda kata, kata hupeleka wilayani, na kamati ya maafa ya wilaya hukaa. Mvua ikiwa imebomoa nyumba nyingi kwa mpigo, huja turubai, blanketi, unga na maharage, na viongozi hupita kutoa pole. Ikiwa imebomoa nyumba tano hapa na nne kule, mara nyingi barua huishia kwenye faili.

Baada ya hapo familia ile haijulikani tena iko wapi. Makala haya yanauliza ni nani mwenye wajibu wa kujua.

Mkoa uliozoea kupokea

Swali hili lina uzito wa pekee Kigoma kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Kwa zaidi ya miaka 50, nyanda hizi zimepokea watu waliopoteza makwao. Warundi walivuka mwaka 1972, wakavuka tena 1993 na 2015. Wakongo walikuja kwa wingi 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 baada ya machafuko ya Burundi. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifuata mwanzoni mwa 2016 na kufungwa mwishoni mwa 2021.

Wakazi wa Kasulu na Kibondo wameuona utaratibu huo kwa macho yao. Mtu anayevuka mpaka hupokelewa, huandikwa jina lake, umri wake, watu wa kaya yake na alikotoka. Hupewa kadi, na kwa kadi hiyo hupata mgawo wa chakula, matibabu na nafasi ya mtoto shuleni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina wajibu kwake. Hadi mwaka 2024 Tanzania ilikuwa ikihifadhi wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao katika mkoa huu.

Maisha ya kambini si ya kutamaniwa na mtu. Sheria humtaka mkimbizi abaki eneo alilopangiwa, na Juni 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgawo hadi nusu ya kiwango kinachohitajika kwa sababu ya upungufu wa fedha. Mkimbizi wa Nduta hajamnyang'anya mwananchi wa Kibondo kitu chochote. Ila uwepo wake unathibitisha jambo moja: inawezekana kumwandika kila mtu aliyepoteza makazi, hata wanapokuja maelfu kwa wiki moja, hata barabara zikiwa za tope.

> Uwepo wa kambi unathibitisha jambo moja: inawezekana kumwandika kila mtu aliyepoteza makazi.

Mwananchi aliyebomokewa na nyumba kilometa chache kutoka kwenye lango la kambi hana utaratibu huo. Hakuvuka mpaka. Machoni pa sheria yuko nyumbani kwake, ingawa nyumba yenyewe haipo.

Malale yalipohamisha Buha

Kuhamishwa na janga si jambo geni kwa Waha, wenyeji wa Buha, yaani nyanda hizi za Kasulu na Kibondo. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahamisha watu wa Buha kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o wa misitu ya miombo. Maofisa wa afya, wakiongozwa na sera iliyojengwa na Daktari George Maclean, waliamini kwamba dawa ya ugonjwa ni kuwakusanya watu waliotawanyika porini kwenye makazi makubwa. Huko wingi wa watu na mashamba ungefyeka vichaka na kuwakosesha mbung'o maficho.

Familia zikaacha migomba, mashamba na makaburi ya wazee. Mwanahistoria Julie Weiskopf, aliyeuchunguza uhamisho huo wa Buha, ameonyesha jinsi uamuzi uliotolewa kwa jina la afya ulivyogeuza maisha ya vizazi vilivyofuata. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1971 kwamba ardhi iliyoachwa wazi kwa namna hiyo ilirudi kuwa pori la wanyama na mbung'o, na hivyo kuyapa malale makazi mapya.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Safari hii hapakuwa na ugonjwa. Lengo lilikuwa kuwaweka wananchi katika vijiji ili shule, zahanati na maji viwafikie. Huduma zilifika kweli, na wengi waliosoma Kasulu na Kibondo miaka ya 1970 na 1980 ni matunda ya vijiji hivyo. Lakini vijiji vingi vilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na kigezo cha kuchagua eneo kilikuwa kufikika. Njia za maji hazikupewa uzito huo.

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza, serikali ikiamua kuhamisha watu, huwa na uwezo wa kuwahesabu mmoja mmoja. La pili, uhamisho usiojali shamba liko wapi hudumu kwenye karatasi kuliko ardhini.

Maji ya Ruchugi hufika ziwani

Mvua za nyanda hizi huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Maji ya vilima vya Kasulu huingia mto Ruchugi, nao hushuka kusini hadi Uvinza na kuungana na Malagarasi. Malagarasi hukusanya pia maji ya Kibondo na ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kutambuliwa na Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kutoka hapo mto huelekea magharibi na kumwagika Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo mvua inayoangusha ukuta Kasulu haiishii Kasulu. Kuanzia mwaka 2020 Ziwa Tanganyika limepanda kwa kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, maji yaliingia nyumba na miundombinu ya mwaloni Kibirizi na Katonga. Ng'ambo, nchini Burundi, watu wa Gatumba walihama mara baada ya mara mto Rusizi na ziwa vilipofurika pamoja. Nchini Kongo, Uvira na Kalemie ziliingiliwa na maji. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga uliopo Kalemie. Kinachoingia kwa wingi hutoka polepole.

Majirani wamelipa gharama kubwa zaidi. Mwezi Mei 2023, mafuriko ya Kalehe, Kivu Kusini, yaliua watu zaidi ya 400 katika vijiji vya kando ya Ziwa Kivu. Burundi, nchi ambayo kwa miaka mingi iliwatoa watu wake kwa vita, leo sehemu kubwa ya raia wake waliopoteza makazi ndani ya nchi wamehamishwa na mafuriko, upepo na maporomoko. Mabadiliko haya yanapaswa kutuamsha: sababu ya watu kuhama katika ukanda huu inageuka kutoka bunduki kwenda mvua, na mifumo yetu ya kupokea watu bado imejengwa kwa ajili ya bunduki.

Duniani kote hali ni hiyohiyo. Kituo cha kufuatilia uhamaji wa ndani, IDMC, chenye makao yake Geneva, kilirekodi matukio milioni 45.8 ya watu kuhama ndani ya nchi zao kwa sababu ya majanga mwaka 2024 peke yake.

Maafa ya jumla na maafa ya rejareja

Tanzania inajua kukabili maafa ya jumla, yale yanayopiga mahali pamoja kwa siku moja na kutangazwa dunia nzima. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi. Jeshi liliingia kufukua, michango ilikusanywa, na nyumba mpya zaidi ya 100 zikajengwa kwa waathirika. Hilo lilikuwa jambo jema, na linastahili kusemwa hivyo.

Aprili 2024 mvua za El Niño zilijaza bonde la Rufiji. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili 25 kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini, na kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika. Rufiji na Kibiti zilipata misaada, kambi za muda na mbegu za kuanzia upya.

Kasulu na Kibondo hupata maafa ya rejareja. Nyumba huanguka moja moja, kijiji hiki wiki hii na kile wiki ijayo. Hakuna siku moja ya kutangaza, hakuna picha ya angani, hakuna akaunti ya michango. Lakini ukijumlisha nyumba za msimu mzima, katika kata zote za wilaya hizi mbili na jirani zao Buhigwe na Kakonko, utakuta watu wengi wanalala kwa wenyeji wao.

> Nyumba huanguka moja moja, kijiji hiki wiki hii na kile wiki ijayo. Hakuna siku moja ya kutangaza.

Misaada kwa hiyo hufuata ukubwa wa habari, haifuati ukubwa wa hasara ya kaya. Mama aliyebomokewa peke yake amepoteza sawasawa na aliyebomokewa pamoja na majirani 500. Watoto wake wamelowa vilevile.

Hata katika maafa makubwa mizani haikuwa sawa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera liliua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Serikali iliipa kipaumbele miundombinu ya umma, zikiwemo shule za Ihungo na Nyakato. Mwanzoni mwa 2017 Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wa Bukoba waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Miaka saba baadaye, Hanang walijengewa. Uamuzi wa Hanang ulikuwa sahihi, ila unaacha swali: mwananchi atajuaje mapema anastahili nini?

Upande wa serikali

Viongozi wanaosimamia maafa wana hoja, na ni haki zisikilizwe. Hoja ya kwanza ni kwamba watu huonywa lakini hawahami. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatambua ardhi hatarishi isiyofaa kukaliwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu na tahadhari mvua zinapokaribia. Aliyejenga mtoni, wanasema, amejenga akijua.

Hoja ya pili ni fedha. Wilaya ina shule zenye upungufu wa madarasa, zahanati zenye upungufu wa dawa na barabara zinazokatika kila masika. Ikijenga nyumba ya kwanza iliyoanguka, italazimika kujenga ya pili na ya mia.

Hoja ya tatu ni uzoefu mchungu wa viwanja. Desemba 2011, baada ya mafuriko yaliyoua watu takribani 40 Dar es Salaam, serikali iliwapa waathirika wa bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wengi waliviuza na kurudi Jangwani, bondeni kulekule. Ndiyo maana wapo watendaji wanaoona kwamba kumpa mtu kiwanja ni kupoteza kiwanja.

Serikali pia inaweza kuonyesha muundo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa kitongoji anapohesabu nyumba zilizoanguka, ndiye ncha ya mwisho ya muundo huo.

Upande wa wananchi

Wananchi nao wana majibu. Bondeni ndiko kwenye rutuba na unyevu. Mwenye shamba la mahindi na maharage mteremkoni na kitalu cha mboga bondeni anakula mwaka mzima. Mwenye kiwanja kilimani peke yake ananunua. Ukimhamisha mtu mbali na shamba lake, umempa nyumba na kumnyima chakula, na atarudi kwenye chakula.

Rufiji imelithibitisha hili kwa zaidi ya nusu karne. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwapandisha wakulima kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Wakulima waliendelea kushuka kulima mpunga, kwa sababu bonde ndilo lililowalisha. Mabwepande nako watu walirudi kwa sababu kazi, soko na wateja wao walikuwa Kariakoo na Jangwani. Kosa la mipango hiyo lilikuwa kuhesabu nyumba na kusahau riziki.

Kisha kuna suala la ardhi yenyewe. Sensa ya 2022 ilikuta Kigoma ina watu 2,470,967, kutoka watu milioni 2.1 mwaka 2012. Mashamba yanagawanywa kwa watoto hadi yanakuwa vipande. Mashariki ya Kibondo kuna Pori la Akiba la Moyowosi, na magharibi kuna mpaka wa Burundi. Mkulima anayeambiwa ahame mteremkoni anauliza jambo moja la haki kabisa: nihamie wapi?

Wapo pia wasiojenga mtoni wala kwenye korongo. Wamejenga mahali palepale babu zao walipopangiwa na operesheni, kwa udongo uliopo, kwa sababu tofali za kuchoma zinadai kuni nyingi na saruji inadai fedha. Kuwalaumu hawa kwa mvua ni kuwaonea.

Mzigo anaobeba ndugu

Kati ya serikali na mwananchi kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi kwenye taarifa yoyote: aliyewapokea. Utamaduni wetu hauruhusu kumfungia ndugu mlango wakati wa mvua. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu sita sasa ina watu kumi na mmoja. Debe la unga lililotosha wiki mbili linatosha moja.

Mwezi wa kwanza huwa wa huruma. Wa pili huanza kuwa wa hesabu. Kufikia wa tatu, mgeni anajitahidi asionekane kula, na mwenyeji anajitahidi asionekane kuhesabu. Ndoa hutikisika, na wasichana waliohamishiwa kwa watu hulala mahali ambapo mama zao hawana amani napo. Mtoto aliyekuwa akitembea nusu saa kwenda shule sasa anatembea saa mbili, na mvua zikizidi anaacha kwenda.

Mwenyeji hapati turubai wala unga, kwa sababu nyumba yake haikuanguka. Lakini ndiye anayelifanyia taifa kazi ya kambi, bila kambi na bila bajeti. Undugu umetusitiri mno hadi serikali imeuhesabu kama sehemu ya mfumo, na hauwezi kubeba kila msimu peke yake.

> Mwenyeji ndiye anayelifanyia taifa kazi ya kambi, bila kambi na bila bajeti.

Kilosa ilituonyesha mwisho wa njia hiyo. Mafuriko ya mto Mkondoa, Desemba 2009 na Januari 2010, yaliwaacha watu zaidi ya 20,000 bila makazi. Mahema yalifungwa haraka. Kuna familia zilizobaki chini ya turubai kwa miaka, muda mrefu baada ya magari ya misaada kuondoka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kuuliza kama wameshapata pa kukaa.

Sheria inayokosekana

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni za Mwongozo kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng, mwanadiplomasia wa Sudan. Oktoba 2009, Umoja wa Afrika ulikwenda mbali zaidi na kupitisha Mkataba wa Kampala, ulioanza kutumika Desemba 2012. Ni mkataba wa kwanza wa bara zima duniani unaozifunga nchi kisheria kuwalinda watu hao, na unataja waziwazi wanaohamishwa na majanga ya asili, yakiwemo yanayotokana na mabadiliko ya tabianchi.

Ibara ya 13 ya mkataba huo inazitaka nchi ziunde na kutunza daftari la watu wote waliohamishwa ndani ya mipaka yao. Ibara ya 12 inaiwajibisha nchi kufidia pale inapoacha kuwalinda na kuwasaidia watu wake wakati wa majanga. Majirani zetu Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Msumbiji na Kongo wameuridhia. Kenya ilitunga sheria yake mahususi mwaka 2012, baada ya machungu ya uchaguzi wa 2007, na sheria hiyo inawagusa pia wanaohamishwa na majanga.

Tanzania imeuwekea saini Mkataba wa Kampala. Saini ni ahadi ya heshima. Kinachoifunga nchi ni kuuridhia mkataba, na kinachoufikisha kijijini ni sheria ya nchi. Tanzania haina sheria mahususi ya watu hawa. Sheria ya maafa ya 2022 inashughulika na tukio: kujiandaa, kuokoa, kusaidia. Mtu aliyehama hudumu kuwa amehama muda mrefu baada ya tukio kufungwa.

Taifa lililojijengea jina kwa kuwapokea Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika halipaswi kuwa nyuma katika kumhesabu raia wake mwenyewe.

Kifanyike nini

Yapo mambo manne yanayowezekana, na hayahitaji kusubiri fedha za wafadhili.

Kwanza ni daftari. Kila kijiji tayari kina daftari la wakazi. Liongezewe ukurasa wa kaya zilizohama kwa maafa: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, walikotoka, walipo sasa, shamba lao liko wapi na watoto wanasoma shule gani. Kaya isifutwe hadi ipate makazi ya kudumu. Nakala iende wilayani, ili maafa ya rejareja yajumlishwe na kuonekana ukubwa wake. Kasulu na Kibondo zina watumishi na vijana waliofanya kazi ya uandikishaji kambini kwa miaka. Ujuzi huo upo mkoani. Utumike kwa wananchi pia.

Pili ni ardhi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji utenge eneo la akiba kwa wanaolazimika kuhama, ndani ya kijiji hichohicho, mahali ambapo mtu anaweza kwenda shambani kwake kwa miguu na kurudi. Anayehamia juu aendelee kumiliki shamba lake la chini kwa kilimo, akatazwe kulala huko tu.

Tatu ni ujenzi. Msingi wa mawe wenye kimo cha kutosha, paa lenye ukingo mrefu unaomwaga maji mbali na ukuta, na mfereji wa kukinga maji nyuma ya nyumba vinaweza kuiokoa nyumba ya udongo. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa, zinapunguza ukataji wa miti. Mafundi wa vijijini wafundishwe, na halmashauri ikopeshe mashine kwa vikundi vya vijana kupitia mikopo ya asilimia 10 inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Nne ni mkataba. Bunge liuridhie Mkataba wa Kampala na kutunga sheria inayosema aliyehamishwa na maafa anastahili nini, kwa nani, na kwa muda gani, ili wa Hanang na wa Kagera, wa Rufiji na wa Kasulu wapimwe kwa kipimo kimoja. Wabunge wa mkoa huu wana sababu kuliko wengine wote ya kulibeba jambo hili Dodoma.

Wewe msomaji uliye kijijini, usisubiri Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ni haki yako kuhudhuria na kuuliza. Katika mkutano ujao, simama umwombe mtendaji asome majina ya kaya zilizobomokewa msimu uliopita na aeleze kila moja inaishi wapi leo. Akiwa nayo, mshukuruni na mdai hatua inayofuata. Akiwa hana, yaandikwe siku hiyohiyo, mbele ya mkutano, kabla mvua zinazokuja hazijaongeza mengine.